Ukichonga Mashine ya Boti, Nini Hutokea Ndani?



Ukikaa pwani ya Kilindoni asubuhi, vyombo vinaporudi kutoka kuvua, hutakosa kusikia mabishano ya mashine. Huyu anasema kumi na tano yake inaishinda ya mwenzake. Yule anasema si mashine, ni nahodha. Mara hutokea fundi, aghalabu kijana, akasema: "Niachieni hiyo siku mbili tu. Nitaichonga matundu, nitaikwangua hedi. Mtaona wenyewe, itakwenda kama ishirini na tano."

Wavuvi kadha wametuuliza kama maneno hayo ni kweli. Jibu letu ni kwamba ni kweli nusu. Ile nusu nyingine ndiyo inayoua mashine, na mashine ikifa katikati ya mkondo, kati ya Mafia na bara, huwezi kushuka ukasukuma. Basi leo tuifungue mashine pamoja tuone fundi anagusa nini, na kwa nini jambo lililowaletea wengine vikombe vya mashindano laweza kutuletea sisi msiba.

Mashine inavyopumua

Mashine nyingi za kupachika wanazotumia wavuvi wetu ni za mipigo miwili, yaani zile ambazo oili yake huchanganywa na petroli kabisa. Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 15 ni mfano ambao kila mtu anaujua. Siku hizi zipo pia za mipigo minne, ambazo oili yake hukaa peke yake. Hizo tunaziacha kando leo.

Ndani ya silinda mna pistoni inayopanda na kushuka. Inapopanda hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Juu yake hubana mchanganyiko wa hewa na petroli. Chini yake huvuta mchanganyiko mpya kutoka kwenye kabureta, ukaingia katika chumba cha kranki. Plagi ikipiga cheche, moto huwaka na pistoni husukumwa chini. Inaposhuka, kwanza hufunua tundu la ekzosi, na moshi hutoka mbio. Ikishuka kidogo zaidi hufunua matundu mengine ya pembeni. Hapo ule mchanganyiko uliobanwa chini hupanda kwa nguvu, huingia juu ya pistoni na kuusukuma nje moshi uliobaki. Kisha pistoni hupanda tena, matundu yote hufungwa, na kazi huanza upya.

Angalieni jambo moja hapo. Mashine hii haina vali kama ya gari. Matundu ni milango, na pistoni yenyewe ndiyo bawabu. Hakuna mwingine anayefungua wala kufunga. Kwa hiyo mahali tundu lilipokatwa kwenye ukuta wa silinda ndiyo saa ya mlango kufunguliwa. Tundu likiwa juu, mlango hufunguliwa mapema na hufungwa kwa kuchelewa. Likiwa chini, hufunguliwa kwa kuchelewa na hufungwa mapema. Mtu akipeleka tupa kwenye ukingo wa juu wa tundu, asidhani anapanua njia tu. Anabadilisha saa.

Tena ni saa ya haraka kuliko tunavyoweza kufikiri. Mashine ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, mzunguko mmoja hutumia sekunde 0.012. Mlango wa ekzosi hubaki wazi chini ya nusu ya muda huo. Yaani ukiigawa sekunde moja vipande elfu moja, moshi wote unatakiwa uwe umetoka katika vipande vitano au sita.

Tupa inabadilisha nini

Sasa tufanye hesabu kidogo. Enduro ya 15 ina silinda mbili. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 56, na pistoni husafiri milimita 50 kutoka juu hadi chini. Tuseme tundu la ekzosi huanza kufunuka pistoni ikiwa imeshuka milimita 30. Fundi akikwangua milimita 2 ukingo wa juu, tundu litafunuka kwenye milimita 28. Moto uliokuwa ukiisukuma pistoni kwa milimita 30 sasa utaisukuma kwa 28, maana mlango ukifunguka nguvu yote hukimbilia nje.

Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili huja pistoni inapopanda. Mlango umechelewa kufungwa, kwa hiyo petroli mbichi, ambayo haijaungua, hupata nafasi ya kutoka pamoja na moshi. Ndiyo maana mashine iliyochongwa hunuka petroli ikienda polepole, na dumu huisha kabla ya safari.

Mtu atauliza: kama ni hasara mbili, mbona watu huchonga? Ni kwa sababu ya mbio. Mashine ikizunguka kwa kasi kubwa sana, muda wa kutoa moshi huwa mfupi kupita kiasi. Moshi wa zamani hubaki ndani na kuchukua nafasi ya mchanganyiko mpya. Hapo mlango unaofunguliwa mapema husaidia. Katika silinda kama hii, kupandisha tundu milimita 1 huongeza karibu digrii 5 za kukaa wazi katika kila mzunguko. Ni kitu kidogo kwa macho. Kwenye mizunguko 9,000 ni kitu kikubwa.

Basi ukweli wake ndio huu: tupa haileti nguvu mpya hivi hivi. Huichukua nguvu ya mwendo wa chini na wa kati, ikaipeleka kwenye mwendo wa juu. Mwenye kufika huko juu hufaidika. Asiyefika amepoteza.

Elimu hii ilitoka wapi

Kuchonga matundu si uhuni wa vijiweni, tusiwaonee mafundi wetu. Ni elimu kamili. Katika miaka ya 1950 mhandisi mmoja wa Ujerumani Mashariki, Walter Kaaden, alikuwa akitengeneza pikipiki za mashindano katika kiwanda cha MZ, mjini Zschopau. Hakuwa na fedha nyingi. Alichonga matundu, akayapima, akajaribu tena. Aligundua pia kwamba bomba la ekzosi lenye tumbo pana katikati huurudisha mshindo wa moshi nyuma, na mshindo ule huirudisha ndani ya silinda ile petroli mbichi iliyokuwa ikitoroka. Yaani bomba lilikuwa mlango wa pili. Mwaka 1961 injini yao ya sentimita za ujazo 125 ilifikisha nguvu za farasi 25 hivi. Enduro yetu ya farasi 15 ina sentimita za ujazo 246, karibu mara mbili.

Mwaka huohuo, mwezi Septemba, mwendeshaji wao Ernst Degner alitoroka akiwa kwenye mashindano Sweden. Aliipelekea kampuni ya Suzuki ya Japani yale aliyoyajua, na mwaka 1962 Suzuki wakachukua ubingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita za ujazo 50. Kutoka hapo elimu ikaenea kote. Baadaye waliichukua wapanda pikipiki za matairi manne. Ipo moja mashuhuri, Yamaha Banshee, yenye silinda mbili za mipigo miwili, iliyouzwa Marekani kutoka miaka ya 1980 hadi mwaka 2006. Mpaka leo wapo watu kule wanaozichonga silinda zake, wanabadilisha hedi, kisha wanashindana kupanda vilima vya mchanga.

Lakini tazameni mazingira yao. Mashindano huchukua dakika. Mashine ikitoka pale hufunguliwa, ringi mpya huwekwa, pistoni hukaguliwa. Petroli yao hununuliwa kwa kuchaguliwa. Ikizimika, mwenyewe huteremka juu ya mchanga akavua kofia. Na jambo kubwa zaidi: ana gia. Akiona nguvu imepungua, hushusha gia, mashine hupanda tena kwenye mizunguko ile ya juu yenye nguvu.

Boti haina gia za namna hiyo

Hapa ndipo maneno ya fundi wetu yanapokwama. Boti ina gia ya mbele na ya nyuma, basi. Propela ni ileile, ukiwa mtupu au umepakia. Na maji yana tabia yake. Ukitaka propela ileile izunguke mara mbili ya mwendo wake, nguvu mara mbili haitoshi. Inatakiwa nguvu karibu mara nane.

Tupige mahesabu ya safari. Mashua ina mashine ya farasi 15, inakwenda kutoka Kilindoni hadi Nyamisati kwa saa 3. Fundi amechonga vizuri kabisa, hakukosea hata nukta, akaongeza nguvu moja katika kila kumi. Sasa una farasi 16 na nusu. Kwa tabia hiyo ya maji mwendo utaongezeka kama sehemu 3 tu katika kila 100. Utafika dakika tano au sita mapema. Hiyo ndiyo faida yote uliyoiuzia mashine.

Tena chombo chenyewe kina mwisho wake. Mashua nzito inayolima maji, yenye urefu wa mita 7 majini, huanza kugoma ikifika kilomita 12 kwa saa. Ukiizidishia nguvu hainyanyuki kukimbia. Huchimba shimo nyuma na kupandisha pua. Boti nyepesi za faiba, kama zile zinazowapeleka wageni kuona papa potwe, hizo huteleza juu ya maji na nguvu huonekana. Lakini hata hizo siku nzima hazikimbii. Zikimfikia papa huenda polepole, mwendo uleule ambao mashine iliyochongwa huuchukia.

Na lile bomba lenye tumbo la Kaaden? Katika mashine ya kupachika hakuna pa kuliweka. Moshi hushuka ndani ya mguu wa mashine na kutokea chini ya maji. Kiwanda kimeyapanga matundu yaafikiane na njia hiyo. Ukichonga matundu peke yake umefanya nusu ya kazi, na ile nusu iliyokuwa ikirudisha petroli ndani haipo.

Kuna jambo la ringi pia, ambalo wengi hawalijui. Fundi akipanua tundu kwa upande, ringi inapopita pale hukosa ukuta wa kuegemea. Hutumbukia kidogo ndani ya tundu kila inapopita. Wachongaji stadi wa mashindano hawapendi tundu la ekzosi lizidi asilimia 70 ya kipenyo, na wengi huishia chini ya hapo. Tena baada ya kuchonga hulainisha kingo zote, maana ukingo mkali huikamata ringi kama kisu. Ringi ikikatika, vipande huzunguka ndani vikikwaruza silinda, na mchezo umekwisha.

Hedi: kubana zaidi

Tuje kwenye hedi, yaani kile kifuniko cha juu chenye plagi. Chini yake kuna nafasi ndogo ambamo mchanganyiko hubanwa. Kadiri nafasi inavyokuwa ndogo ndivyo mchanganyiko unavyobanwa zaidi, na moto husukuma kwa nguvu zaidi. Hili ni kweli, na tofauti na matundu, faida yake huonekana hata kwenye mwendo wa chini. Ndiyo maana kukwangua hedi kunapendwa. Mvuvi akivuta kamba huhisi mashine imekuwa nzito, akafurahi: "Eh, sasa inabana!"

Hesabu yake ni hii. Silinda moja ya Enduro ya 15 husafisha sentimita za ujazo 123. Tuseme nafasi iliyobaki juu ni 18. Jumla ni 141. Gawanya kwa 18, utapata karibu 8. Yaani mchanganyiko hubanwa mara 8. Sasa kwangua hedi milimita 1. Nafasi hupungua kwa sentimita za ujazo 2 na nusu hivi, inabaki 15 na nusu. Ukigawanya tena utapata karibu 9. Ukikwangua milimita 2, utapita 10. Unaona jinsi unyoya wa chuma unavyobadilisha mambo. (Ukisoma kitabu cha mashine ya Kijapani usishangae kuona namba ndogo kuliko hizi. Wao huanza kuhesabu pale tundu la ekzosi linapofungwa.)

Tatizo ni joto. Nani hajawahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kujaza upepo? Imepata moto, na hakuna aliyeichoma. Kubana hewa huzaa joto. Mchanganyiko ukibanwa kupita kiasi, ile sehemu iliyo pembeni haingoji moto wa plagi uifikie. Hulipuka yenyewe, kwa kishindo. Mafundi husema mashine inagonga. Kwenye gari utasikia kama changarawe ndani ya kopo. Kwenye boti, kwa upepo na mawimbi na mlio wa ekzosi, husikii kitu.

Pistoni ni alumini, na alumini huyeyuka ikifika nyuzi 660 za joto. Moto ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000. Pistoni huokoka kwa sababu joto lake hupitia kwenye ringi na ukuta wa silinda, kisha huchukuliwa na maji ya bahari yanayozunguka. Tena pana utando mwembamba wa gesi unaoikinga. Mashine ikigonga, utando ule huchanika, na joto huingia lote. Kwanza huonekana vidoa kama vya sindano kwenye ukingo wa pistoni. Halafu tundu.

Petroli nayo ina neno lake hapa. Mafuta ya taa hugonga upesi kuliko petroli. Ndiyo maana Yamaha walipotengeneza Enduro za kutumia mafuta ya taa walipunguza kubana badala ya kuongeza. Sasa fikiri: sisi visiwani hununua petroli katika madumu, imepita mikono mingi. Nchini mwetu kuchanganya petroli na mafuta ya taa kulikuwa kumeenea hata EWURA wakaanza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Mashine yenye hedi ya kiwandani ikipata dumu bovu hulalamika, lakini hufika. Iliyokwanguliwa haina akiba ya kuvumilia.

Yaliyotupata sisi

Tusijifanye wajuzi wa kuzaliwa. Mashine yetu wenyewe, tuliyoinunua kwa kuchanga watu wanne, tulichonga. Tuliambiwa, tukaamini, tukakaa pale tukimshikia fundi taa. Matundu yakapandishwa kwa jicho, hedi ikasuguliwa juu ya msasa mpaka tukaona "inatosha". Siku ya kujaribu tulikuwa watu wawili, chombo kitupu, bahari shwari. Ilikimbia kweli. Tulicheka.

Wiki ya pili tukapakia samaki na barafu kwenda Nyamisati. Ulikuwa wakati wa kusi. Chombo kizito, mawimbi ya ubavuni, mashine ikawa haipandi kwenye ule mwendo wake wa mbio. Ilikuwa ikilia kwa chini tu, kama mtu aliyebanwa kifua. Tukaivuta mpaka mwisho. Badala ya kupunguza tukazidi kuing'ang'aniza, maana si tulilipia mbio? Dumu la kwanza liliisha mapema kuliko siku zote. Katikati ya mkondo, Mafia nyuma imekuwa mstari tu na bara hatujaliona, ikatoa mlio mmoja, ikapoteza nguvu, ikanyamaza. Tulipoipoza na kuivuta tena, kamba ilikwenda nyepesi kabisa upande mmoja. Wenye kujua wanajua maana yake.

Tanga tuliliacha nyumbani. Ndiyo, tuliliacha, kwa sababu tulikuwa na mashine. Kusi likatusukuma kaskazini tangu adhuhuri hadi alfajiri, barafu ikayeyuka, samaki wakaharibika, na tukachota maji kwa zamu. Jahazi lililotuvuta halikututoza kitu. Nahodha wake, mzee wa makamo, alitutazama, akaitazama mashine, akauliza swali moja tu: "Na mlingoti wenu?"

Tulipofungua tulikuta pistoni ya juu ina tundu la ukubwa wa kunde. Pistoni ya chini ilikuwa haijambo. Tulipopima ndipo tukajua: tundu la ekzosi la silinda moja lilikuwa limepanda zaidi ya lile la mwenzake kwa milimita moja na nusu. Ng'ombe wawili wamefungwa jembe moja, mmoja anakimbia na mwingine anatembea. Hedi tuliweza kununua nyingine. Lakini ukuta wa silinda ukishakatwa hauoti tena, na bei ya bloku nzima ilituvunja ushirika.

Masizi, adui wa kila siku

Sasa mtasema tunawakataza tu. Hapana. Mashine nyingi zinazosemekana "zimechoka" hazikuchoka. Zimezibwa. Oili inayoungua huacha masizi magumu kwenye tundu la ekzosi, juu ya pistoni na ndani ya hedi. Mwaka baada ya mwaka tundu hupungua upana, na nguvu hupungua nalo. Ukiyatoa masizi hayo umelichonga tundu kihalali, mpaka kwenye mstari uleule aliouweka aliyeitengeneza. Kuna wavuvi waliokuwa tayari kulipa pesa ya kuchongewa, kumbe walihitaji saa tatu za kusafisha.

Hutumii tupa. Tumia kijiti cha mti mgumu kilichochongwa kama patasi. Fungua hedi na kifuniko cha ekzosi. Shusha pistoni hadi chini ili njia iwe wazi, kisha kwangua masizi polepole, bila kugusa ukuta ambapo ringi hupita. Toa vumbi lote kabla ya kuzungusha, maana punje moja ya masizi huacha mchoro. Juu ya pistoni na ndani ya hedi kwangua vivyo hivyo. Weka gasketi mpya. Kaza boliti kuanzia za katikati kwenda za pembeni, kwa awamu mbili, kwa spana yenye kipimo, kama kitabu kinavyosema. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya mwingine, hedi hupinda.

Na ikiwa hedi imepinda, hapo kukwangua kunaruhusiwa, kwa kuinyoosha tu. Ilaze juu ya kioo kinene, uingize kipimo chembamba cha bapa pembeni. Yamaha huweka mpaka wa kupinda kwenye milimita 0.1. Ikizidi hapo, weka msasa mlaini wenye maji juu ya kioo, sugua hedi kwa mzunguko wa namba nane, na uache mara tu uso wote unapong'aa sawasawa.

Masizi yasirudi upesi, angalia uchanganyaji. Mashine za namna hii zikishazoea kazi, nyingi huandikiwa sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili. Lita 20 za petroli huchukua mililita 400. Mpya, wakati wa kuizoesha, huandikiwa 25 kwa 1, yaani mililita 800 kwa lita 20. Soma kitabu cha mashine yako kabla ya kumsikiliza mtu, nasi tukiwamo. Na oili iwe ya mashine za maji. Kwenye chupa tafuta herufi TC-W3. Oili ya gari si badala yake. Hufanya masizi na majivu.

Tazama plagi kila baada ya safari chache. Ikiwa na rangi ya kahawia iliyopauka, mambo ni mazuri. Nyeusi yenye utelezi, oili ni nyingi au mashine haipati moto. Nyeupe kama chokaa, hiyo inaungua kwa joto, uache safari ya mbali mpaka ujue sababu. Mara nyingi sababu ni maji. Mashine isiyokojoa vizuri haipoi, na impela ya mpira iliyo ndani ya pampu huisha haraka kwa mchanga wa kwenye fungu.

Na propela. Hapo ndipo penye mbio mnazozitafuta. Propela iliyopinda ncha kwa kugonga mwamba hula nguvu nyingi kuliko atakazowaongezea fundi yeyote. Nyingi ya mashine hizi kiwanda hutaka, ukiwa umevuta mpaka mwisho na mzigo wako wa kawaida, zizunguke kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Ikishindwa kufika hapo ukiwa umepakia, chukua propela yenye mlalo mdogo zaidi. Hiyo ndiyo gia yenu. Huwekwa na kutolewa kwa pini moja, na usipoipenda unarudisha ya zamani.

Ukinunua mashine iliyotumika

Limebaki moja. Mashine zilizochongwa haziishi tu kwa wenyewe. Huuzwa, na anayenunua haambiwi. Nje zinang'aa, zimepakwa rangi, na zikiwa kwenye pipa la maji zinalia vizuri kuliko zote.

Omba hedi ifunguliwe. Muuzaji akikataa, umeshajibiwa. Ikifunguliwa, usitazame mng'aro wa pistoni. Tazama kingo za matundu ya ekzosi. Za kiwandani ni laini na umbo lake ni lilelile katika silinda zote mbili. Za tupa zina mistari midogo, na mara nyingi kona moja imelegea kuliko nyingine. Kisha chukua chelewa ya mnazi, hapa Mafia hazinunuliwi. Isimamishe ndani ya silinda ya kwanza, ncha yake iguse ukingo wa juu wa tundu la ekzosi. Weka alama kwa ukucha pale uso wa bloku unapofika. Ihamishie silinda ya pili. Alama ikikaa palepale, endelea kuzungumza bei. Ikipishana hata kwa unene wa chelewa yenyewe, mrudishie hedi yake na boliti zake, muage vizuri, urudi nyumbani na pesa zako.